Seli za kinga ndani ya uvimbe: kwa nini dawa ileile humsaidia huyu na kumwacha yule

Kipande cha uvimbe wa titi kikikatwa kwa wembamba wa mikroni 4, kikapakwa rangi za hematoksilini na eosini na kuwekwa chini ya hadubini, jicho hukimbilia kwanza seli za saratani zenyewe: kubwa, zimebanana, viini vyake havilingani. Katikati ya makundi hayo, kwenye tishu unganishi yenye rangi ya waridi, kumetawanyika vitone vidogo vya mviringo vya buluu iliyokolea. Hivyo ni limfosaiti, chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutambua seli iliyoharibika au iliyovamiwa na kuiua. Rudolf Virchow aliziona chembe nyeupe ndani ya uvimbe mwaka 1863, na kwa zaidi ya karne moja baadaye wengi walizichukulia kama alama tu ya tishu iliyochokozwa. Leo, katika aina kadhaa za saratani, wingi wa vitone hivyo, aina yake na mahali vilipokaa husaidia kutabiri kama kemo (tibakemikali) itafanya kazi, kama dawa za kuamsha kinga zitafaa, na ni nani ana hatari ndogo ya ugonjwa kurudi.

Husaidia, hazihakikishi. Anayesikia kwamba uvimbe wake una seli nyingi za kinga asidhani amepona, na aliyeambiwa ni chache asikate tamaa. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kufuata njia inayopitwa na seli ya kinga mpaka ifike pale.

Mnyororo wenye pete nyingi

Seli chache za saratani hufa kila wakati, na zikifa humwaga protini zake. Seli dendriti zilizopo jirani hukusanya mabaki hayo, huyabeba hadi kwenye mtoki ulio karibu (kwapani, kama uvimbe ni wa titi) na kuyaonyesha kwa seli T, aina mojawapo ya limfosaiti. Kati ya mamilioni ya seli T zinazopita hapo, chache mno zina kipokezi kinacholingana na protini hiyo. Hizo ndizo huamshwa, huzaliana, huingia kwenye damu, hutoka kwenye mishipa midogo ya uvimbe na kupenya hadi kwa seli ya saratani. Zikifika, seli T za aina ya CD8 hutafuta kipande cha protini ile kwenye molekuli za HLA, vishikio vinavyoonyesha vipande vya protini juu ya seli ya saratani. Zikikiona, hutoboa utando wa seli kwa protini ya perforini na kuingiza vimeng'enya vya grenzaimu, na seli ile hujiua.

Mnyororo huu unaweza kukatika popote. Saratani yenye mabadiliko machache ya jeni haina protini ngeni ya kutosha kuonyeshwa. Mishipa ya uvimbe inaweza kukosa viashiria ambavyo seli T hushikia ili zitoke kwenye damu. Tishu unganishi inaweza kuwa nene, imejaa kolajeni na kemikali iitwayo TGF-beta, seli T zikabaki nje. Seli ya saratani inaweza kupoteza HLA, au kijenzi chake kiitwacho beta-2 mikroglobulini, ikawa haionekani kabisa. Na hata seli T ikifika na kuona, inaweza kuzimwa pale pale.

Ndiyo maana swali la kwanza si dawa gani ni mpya zaidi, bali mnyororo umekatikia wapi. Dawa ya kufungua seli T zilizofungwa haina la kufanya kwenye uvimbe usio na seli hizo.

Wataalamu huzigawa picha za hadubini katika makundi matatu. Kuna uvimbe uliovamiwa, ambamo seli T zimechanganyika na seli za saratani. Kuna uliozungukwa, ambapo seli T ni nyingi lakini zimekwama ukingoni. Na kuna mtupu, usio nazo kabisa. Kundi la pili ndilo humdanganya msomaji mwenye haraka: akihesabu jumla ataona seli nyingi, kumbe hakuna hata moja inayogusa saratani. Katika saratani ya ovari tofauti hiyo ilipimwa mapema. Utafiti wa wagonjwa 186 uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba wenye seli T ndani ya visiwa vya seli za saratani, 38% walikuwa hai baada ya miaka 5. Wasiokuwa nazo, 4.5%.

Jérôme Galon na wenzake wa Ufaransa walilithibitisha jambo hilohilo kwa saratani ya utumbo mpana mwaka 2006, kisha wakatengeneza kipimo kiitwacho Immunoscore. Kinahesabu seli za CD3 (seli T zote) na CD8 mahali pawili, katikati ya uvimbe na kwenye ukingo unaovamia, badala ya kutoa jumla moja. Mwaka 2018 kilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,600 kutoka nchi mbalimbali, na kikatabiri kurudi kwa ugonjwa hata baada ya kuzingatia hatua ya saratani.

Si kila seli ya kinga iko upande wa mgonjwa

Hapa ndipo maelezo mengi ya mitandaoni hukosea. Husema "kinga imepungua" kana kwamba kinga ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka. Ndani ya uvimbe mmoja kuna seli za kinga zinazoua saratani na nyingine zinazoilinda, na mara nyingine ni seli ya ukoo uleule iliyobadilishwa tabia na mazingira.

Seli T dhibiti, zinazotambulika kwa protini ya FOXP3, kazi yake ya kawaida ni kuzuia mwili usijishambulie. Kwenye uvimbe hufanya kazi hiyohiyo kwa bidii, na kunufaisha saratani. Makrofeji ni nyingi zaidi; katika baadhi ya saratani ndizo seli za kinga zinazoongoza kwa idadi. Zinaweza kumeza seli za saratani, lakini zikikaa kwenye tishu yenye oksijeni kidogo na ishara za kuponya kidonda, huanza kujenga mishipa mipya ya damu, kulainisha njia ya saratani kusambaa na kuzima seli T. Zimo pia chembe changa kutoka uboho wa mifupa ambazo hazikukomaa. Hizi huteketeza ajinini, asidi amino ambayo seli T huihitaji ili izaliane.

Seli B, limfosaiti zinazotengeneza kingamwili, zilidharauliwa muda mrefu. Mwaka 2020 tafiti tatu zilizotoka kwa pamoja, za melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi), saratani ya figo na sakoma (saratani ya tishu laini), zilionyesha kwamba zikijipanga pamoja na seli T katika vituo vinavyofanana na mtoki mdogo ndani ya uvimbe, mgonjwa ana nafasi kubwa zaidi ya kunufaika na dawa za kuamsha kinga.

Jambo jingine ambalo halipewi uzito linaostahili: si kila seli T iliyomo kwenye uvimbe imekuja kwa ajili ya saratani. Watafiti walipochunguza vipokezi vyake, waligundua nyingi zinatambua virusi vya kawaida, kama vya mafua au Epstein-Barr. Ni wapita njia. Hivyo wagonjwa wawili wanaweza kuwa na hesabu sawa chini ya hadubini, mmoja akiwa na seli zinazoijua saratani yake na mwingine akiwa na za mafua. Saratani ya figo ya kawaida nayo inakwenda kinyume na nyingine: kwa wagonjwa wengi, wingi wa seli za CD8 umeambatana na hali mbaya zaidi, kwa sababu seli zenyewe zimechoka.

Jinsi ya kuzihesabu kwenye saratani ya titi

Saratani ya titi isiyo na vipokezi vya estrojeni, projesteroni wala HER2 ndiyo ambako hesabu hii ina uzito zaidi kwa sasa, na haihitaji mashine mpya. Slaidi ileile ya hematoksilini na eosini iliyotumika kutambua ugonjwa inatosha. Utaratibu uliokubaliwa na kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa patholojia mwaka 2014 uko hivi.

Chagua slaidi ya mikroni 4 hadi 5 na uisome kwa ukuzaji wa mara 200 hadi 400. Weka mpaka wa uvimbe unaovamia, na usihesabu chochote nje yake. Ndani ya mpaka, angalia tishu unganishi peke yake, kisha ukadirie ni asilimia ngapi ya eneo lake imefunikwa na limfosaiti na seli za plazma. Neutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine, hazihesabiwi. Acha sehemu zilizooza, sehemu zilizopondwa na koleo, kovu la sindano ya kwanza, na saratani ambayo bado imo ndani ya mirija. Soma maeneo mengi, toa wastani.

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kudhani asilimia hiyo ni ya idadi ya seli. Ni ya eneo: "40" maana yake ni kwamba limfosaiti zimefunika 40% ya tishu unganishi, na hiyo haimaanishi kwamba seli 40 kati ya 100 ni limfosaiti. La pili ni kuvutwa na pale palipojaa. Tuseme maeneo matano yamesomwa 60, 10, 20, 15 na 20. Wastani ni 25. Anayeripoti eneo lililojaa zaidi ataandika 60, na kwa nambari hiyo mgonjwa atakuwa amehamishwa kutoka kundi la kati hadi kundi la juu.

Mpaka huo wa kundi la juu, 60 au zaidi, ulitumika katika uchambuzi wa wagonjwa 3,771 wa Ujerumani waliopata kemo kabla ya upasuaji, uliochapishwa 2018. Kwa wenye saratani isiyo na vipokezi vitatu, saratani ilitoweka kabisa kwenye tishu iliyokatwa kwa 31% ya waliokuwa na limfosaiti chache, 31% ya wa kati, na 50% ya waliokuwa nazo nyingi. Uchambuzi mwingine wa 2024 uliwatazama wagonjwa karibu 2,000 wa aina hiyohiyo ambao hawakupewa kemo. Kwa waliokuwa hatua ya kwanza na kiwango cha 50 au zaidi, 95% walikuwa hai baada ya miaka 5; kwa walio chini ya 30, 82%. Bado hiyo si ruhusa ya kumnyima mtu kemo. Ni msingi wa majaribio yanayotafuta nani anaweza kupewa kidogo.

Na usiichukue nambari hiyo ukaipeleka kwenye saratani ya titi yenye kipokezi cha estrojeni. Huko limfosaiti nyingi ziliongeza uwezekano wa kemo kufanya kazi, lakini waliokuwa nazo nyingi waliishi muda mfupi zaidi.

Kemo na mionzi nazo hutegemea kinga

Kemo huua seli inayogawanyika, ndivyo wengi tulivyofundishwa. Lakini namna seli inavyokufa ina maana. Doxorubicin na oxaliplatin huifanya seli inayokufa itoe nje protini ya kalretikulini na kumwaga ATP, ishara ambazo seli dendriti huzifuata. Paclitaxel na cisplatin nazo hubadili mazingira ya uvimbe kwa njia zake. Trastuzumab, dawa ya HER2, hufanya sehemu ya kazi yake kwa kujibandika kwenye seli ya saratani na kuacha mkia wake ukishikwa na seli NK (limfosaiti za kuua za aina nyingine) na makrofeji, ambazo ndizo humaliza kazi.

Mionzi ina sura mbili. Huvunja seli na kuachia protini ngeni, lakini limfosaiti za kwenye damu ni miongoni mwa seli zinazokufa kwa mionzi kidogo kabisa, greyi 2 tu zinatosha kuangamiza sehemu kubwa. Uwanja mpana unaojumuisha mitoki yote na mishipa mikubwa hushusha hesabu ya limfosaiti kwa miezi. Mpango mzuri wa mionzi huupunguza uwanja pale usalama unaporuhusu. Katika saratani ya mapafu ya hatua ya tatu isiyoweza kupasuliwa, kuongeza durvalumab, dawa ya kuamsha kinga, kwa mwaka mmoja baada ya kemo na mionzi kulipandisha walio hai baada ya miaka 5 kutoka 33.4% hadi 42.9%.

Kuachia breki

Seli T ina breki ili isiendelee kuua baada ya maambukizi kwisha. CTLA-4 hufanya kazi zaidi kwenye mtoki, wakati seli inapoamshwa. PD-1 hufanya kazi zaidi kwenye tishu, ikibonyezwa na PD-L1 iliyo juu ya seli ya saratani au makrofeji. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Nobel mwaka 2018 kwa kugundua kwamba kuzuia breki hizi hutibu saratani. Ipilimumab, inayozuia CTLA-4, iliidhinishwa Marekani 2011. Pembrolizumab na nivolumab, zinazozuia PD-1, zilifuata 2014.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba PD-L1 nyingi kwenye uvimbe mara nyingi ni habari njema. Seli T inaposhambulia hutoa interferoni gama, na seli ya saratani hujibu kwa kupandisha PD-L1. Maana yake seli T zimefika na zimeanza kazi, ila zimezimwa. Hao ndio dawa inaweza kuwasaidia.

Kwa hiyo PD-L1 hupimwa kabla ya dawa katika saratani nyingi. Kipimo cha CPS huhesabiwa hivi: jumlisha seli za saratani, limfosaiti na makrofeji zilizopata rangi ya PD-L1, gawanya kwa seli zote za saratani zilizo hai, zidisha kwa 100. Uvimbe wenye seli hai 150 za saratani, kati yake 10 zikiwa na rangi, pamoja na seli za kinga 12 zenye rangi, unapata 22 kwa 150, yaani CPS ya karibu 15. Angalia kwamba bila kuhesabu seli za kinga ungebaki na chini ya 7. Katika saratani ya titi isiyo na vipokezi vitatu iliyokwisha kusambaa, mpaka wa kutoa pembrolizumab ni CPS 10, hivyo hesabu ya seli za kinga ndiyo iliyoamua. Slaidi yenye seli hai za saratani chini ya 100 haitoshi kutoa jibu.

Kwa saratani hiyohiyo ikiwa bado haijasambaa, hakuna haja ya CPS. Katika jaribio la KEYNOTE-522, kuongeza pembrolizumab kwenye kemo kabla ya upasuaji kuliinua kiwango cha saratani kutoweka kabisa kutoka 51.2% hadi 64.8%, na faida ilionekana kwa wenye PD-L1 na wasio nayo. Sababu mojawapo ni kwamba uvimbe wa mwanzo huwa na seli nyingi za kinga kuliko uliokwisha kusambaa. Kwenye ini ni kugumu zaidi: makrofeji za huko huziondoa seli T zinazopita, na wagonjwa ambao saratani imefika kwenye ini huitikia dawa hizi kidogo kuliko wengine.

Saratani zenye hitilafu ya kurekebisha DNA ndizo mfano wa wazi wa uvimbe uliojaa protini ngeni na seli T. Huko New York, matokeo yaliyotangazwa 2022 yalihusu wagonjwa 12 wa saratani ya puru wenye hitilafu hiyo waliomaliza miezi 6 ya dostarlimab, dawa nyingine ya kuzuia PD-1, miligramu 500 kila wiki 3. Kwa wote 12 saratani haikuonekana tena, na hakuna aliyehitaji mionzi wala kisu wakati huo. Ndiyo maana kila saratani ya utumbo mpana na puru inafaa kupimwa protini nne za urekebishaji: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6.

Kisu kabla au dawa kabla?

Kama dawa ya PD-1 hufungua seli T zilizomo kwenye uvimbe, kuuondoa uvimbe kwanza ni kuondoa pia seli nyingi ambazo dawa ingezifungua. Wazo hili lilijaribiwa moja kwa moja katika jaribio la S1801 la Marekani, kwa wagonjwa 313 wa melanoma ya hatua ya tatu au ya nne inayoweza kupasuliwa. Wote walipangiwa dozi 18 za pembrolizumab na upasuaji. Tofauti ilikuwa moja: kundi moja lilipata dozi 3 kabla ya kisu na 15 baada, jingine lilipata zote 18 baada. Baada ya miaka 2, waliokuwa hawajapatwa na tukio baya, kama ugonjwa kurudi au kifo, walikuwa 72% dhidi ya 49%. Dawa ileile, idadi ileile ya dozi. Kwangu, hakuna ushahidi unaoeleza vizuri zaidi kwamba seli zilizo ndani ya uvimbe ni sehemu ya tiba.

Kuzitoa, kuzizalisha, kuzirudisha

Njia nyingine ni kuzitumia seli zenyewe kama dawa. Steven Rosenberg wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani alichapisha matokeo ya kwanza kwa wagonjwa wa melanoma mwaka 1988. Dawa ya kwanza ya aina hii, lifileucel, iliidhinishwa Marekani Februari 2024.

Daktari wa upasuaji hukata kipande cha uvimbe cha angalau sentimita 1.5. Maabara hukikatakata vipande vya milimita chache na kuvikuza kwenye maji lishe yenye IL-2, protini inayochochea seli T kuzaliana. Baada ya siku 22 seli T zilizotoka mle huwa zimefika mabilioni, kisha hugandishwa. Mgonjwa hupewa cyclophosphamide na fludarabine kwa wiki moja ili kuondoa limfosaiti zilizopo na kufungua nafasi, hurudishiwa seli zake, kuanzia bilioni 7.5 hadi bilioni 72, halafu IL-2 kwa dozi zisizozidi 6. IL-2 hiyo hushusha presha na kujaza maji mapafuni, hivyo moyo, mapafu na figo lazima viwe vimepimwa mapema. Kati ya wagonjwa 73 ambao dawa nyingine zilishindwa, 31.5% uvimbe ulipungua au kutoweka. Na mara nyingine kazi hukwama kabla ya yote hayo: seli hazizaliani, sampuli inaingia vijidudu, au ugonjwa unakimbia mbele wakati maabara inasubiriwa.

Kinyama kinapoharibiwa kabla ya kufika maabara

Vipimo vyote vilivyotajwa hutegemea kinyama kilichotunzwa vizuri, na hapa ndipo hospitali nyingi za Afrika Mashariki hupoteza taarifa bila kujua. Kinyama kiingie kwenye formalini ya 10% yenye bafa ndani ya saa moja tangu kikatwe. Formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, kwenye chombo chenye mdomo mpana. Titi zima likitumbukizwa bila kupasuliwa, formalini haifiki katikati na seli huoza. Muda ndani ya formalini uwe saa 6 hadi 72. Safari ya basi pamoja na wikendi mbili hupita hapo kirahisi. Maji ya chumvi hayahifadhi chochote.

Slaidi zilizokatwa na kukaa zaidi ya miezi 6 hupoteza rangi ya PD-L1 na kutoa jibu la uongo la "hakuna". Mgonjwa anayehama hospitali aombe ile bloku ya nta yenyewe, au angalau ajue imehifadhiwa wapi, kwa sababu karatasi ya majibu haiwezi kupimwa upya.

Kwetu, ni saratani zipi zinazohusika

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Tanzania, Kenya na Uganda. Husababishwa na virusi vya HPV, hivyo protini ngeni zipo. Katika jaribio la KEYNOTE-826, kwa wenye ugonjwa uliosambaa au kurudi na CPS ya 1 au zaidi, kuongeza pembrolizumab kulifanya 53% wawe hai baada ya miaka 2, dhidi ya 41.7% waliopata kemo bila dawa hiyo. Saratani ya umio, iliyoenea kuanzia Ethiopia hadi Malawi, nayo inaitikia kwa kiasi: kwa wenye aina ya skwamasi (ya seli bapa) na CPS 10 au zaidi, nusu ya wagonjwa walifika miezi 13.9 badala ya 8.8. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliongeza matumizi ya pembrolizumab kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ikiwemo kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye famasi, na dozi ya kawaida, miligramu 200 kila wiki 3, iko juu ya uwezo wa familia nyingi na bima nyingi.

Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilijaribu njia tofauti kwa saratani za kichwa na shingo: nivolumab miligramu 20 kila wiki 3 pamoja na vidonge vya bei nafuu. Dozi ya kawaida ni 240 kila wiki 2, kwa hiyo hiyo ni takriban moja ya kumi na nane. Walio hai baada ya mwaka mmoja walikuwa 43.4%, dhidi ya 16.3% waliopata vidonge peke yake. Inaeleweka kwa nini: vipokezi vya PD-1 juu ya seli T hujaa kwa kiasi kidogo cha dawa, na kuzidisha hakuongezi kitu cha kushika.

Kuwa na VVU si kizuizi chenyewe. Utafiti wa wagonjwa 30 waliokuwa wakitumia ARV, wenye CD4 ya 100 au zaidi, uliikuta pembrolizumab ikiwa salama kwa kiwango kinachokaribiana na cha wasio na VVU.

Breki zikiachiwa kupita kiasi

Seli T zilizofunguliwa hazichagui. Zinaweza kushambulia utumbo, ini, mapafu, tezi ya koo, tezi za homoni zilizo juu ya figo, kongosho au moyo. Kuhara mara 4 hadi 6 zaidi ya kawaida kwa siku ni daraja la pili: dawa husimamishwa na prednisolone, ambayo ni steroidi, huanza, kwa kawaida miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo. Daraja la tatu huhitaji 1 hadi 2 kwa kilo, kisha kupunguza taratibu kwa wiki 4 hadi 6. Kosa la kawaida ni kuacha ghafla baada ya wiki moja kwa kuwa kuhara kumekoma. Hurudi kwa nguvu. Kosa jingine ni kumtibu mgonjwa huyu kama mwenye amiba au malaria kwa siku kumi kabla ya mtu kuuliza anatumia dawa gani. Kikohozi kipya na kuishiwa pumzi kwaweza kuwa mchochota wa mapafu kutokana na dawa, lakini kwetu TB ipimwe sambamba, hasa kabla ya infliximab, dawa ya kutuliza kinga steroidi zikishindwa, ambayo inaweza kuamsha TB iliyolala. Homa ya ini B nayo ipimwe kabla ya dozi ya kwanza.

Steroidi ni dawa ya madhara, si ya kujikinga nayo. Majaribio mengi hayakupokea wagonjwa waliokuwa wakitumia prednisolone zaidi ya miligramu 10 kwa siku mwanzoni, kwa kuwa huzima seli zilezile zinazotafutwa. Ikitolewa baadaye kwa sababu ya madhara, haijaonekana kufuta faida ya tiba.

Madhara yanaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, wakati mgonjwa yuko nyumbani, mbali na kliniki ya saratani. Abebe kadi inayotaja jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, na aionyeshe hata kwenye zahanati. Anayefika amelegea, presha iko chini, sukari na sodiamu zimeshuka, huenda homoni yake ya kotisoli imekwisha: achukuliwe damu ya kipimo, adungwe hydrocortisone miligramu 100 kwenye mshipa na kuongezewa maji ya chumvi papo hapo, majibu yafuate baadaye.